Mama Chaji na Mashine Tatu

Wanafunzi walimwita Mama Chaji, na jina likamganda. Yeye ndiye aliyetunza chumba cha kompyuta pale shuleni, na kwenye kabati lake la chuma alifungia nyaya zote za kuchajia, thelathini na mbili, kila mmoja umekunjwa na kufungwa kwa mpira. Aliyetaka waya alisimama mlangoni kwa adabu zote. "Mama Chaji, naomba chaji. Yangu inaisha." Naye hakuwa mtu wa kuzugwa. Aliigeuza mashine upande wake, akatazama asilimia, kisha akasema, "Hapa pana saa nzima na robo. Nenda kasome." Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemwonyesha kwamba nusu ya wanaosema chaji inaisha wamechoka tu kukaa.

Mwaka huo Mwalimu Mkuu alipata kibali cha kununua kompyuta mpakato mpya za wanafunzi, zile za bei ya kadiri. Duka likaleta tatu za majaribio kwa wiki tatu.

"Kaa nazo hata nyumbani," Mwalimu Mkuu alimwambia Mama Chaji. "Uniandikie ukurasa mmoja tu, ipi itawafaa watoto. Na simu ya video usiisahau, maana kuna walimu watafundisha wakiwa mbali."

Mama Chaji hakuzipa namba, alizipa majina. Nyeusi, nene, inayochukua dakika mbili kuamka, aliiita Mzito. Ya kijivu, inayowaka kabla hujakaa vizuri halafu ikaanza kupata moto na kuunguruma, hiyo ilikuwa Kiherehere. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ya buluu, kioo chake angavu hata juani. Hiyo aliiita Mrembo, na alilitamka jina hilo huku amebetua mdomo.

Wataalamu wa magazetini hupima kasi. Yeye alipima utundu. Alifungua kila mashine kwa kuishika pembe moja, kwa mkono mmoja, mara mia mbili, kama wafanyavyo watoto. Aliitia kwenye begi chini ya vitabu vinne, kisha akalikalia begi. Alinyunyizia kibodi makombo ya mkate na kuitikisa. Bawaba ya Mrembo ililia ilipofika mara ya mia na arobaini, ikapasuka ufa mwembamba. Ya Mzito haikusema kitu.

Nyumbani aliishi peke yake. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na binti yao wa pekee alihamia mji wa mbali kwa kazi ya maabara ya hospitali, huu ukiwa mwaka wa nne. Mezani palikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia, kingine kilibeba nguo za kupiga pasi. Wiki hizo tatu alijikuta anaongea na mashine. "Amka basi, wewe nawe! Au nikuletee maji ya kunawa?" Mzito ikiwaka hatimaye, aliishukuru kwa sauti, kisha akaona aibu, maana upweke wake ulikuwa umefika hapo.

Likizo mbili zilikuwa zimepita binti hajaja. Ya tatu ilikuwa inakaribia, na Mama Chaji alitaka jibu la swali moja tu: utakuja? Lakini hakujua kupiga simu bila sababu. Hakuwahi kumwambia binti yake "nimekukumbuka", kila alipoyafikisha maneno hayo mdomoni, yaligeuka kuwa "umekula?" Agizo la Mwalimu Mkuu likampa sababu. Jumamosi tatu, mashine tatu.

Jumamosi ya kwanza, saa kumi alasiri, alimpigia kwa Mzito. Binti alionekana kama kivuli nyuma ya pazia.

"Shikamoo Mama. Kwema?"

"Marahaba mwanangu. Kwema, najaribu kamera ya shule. Umekula?"

"Nimekula. Unaniona?"

"Nakuona," alisema, ingawa alichokiona ni umbo la kichwa. Walizungumza habari za mvua na za kazi. Aliposema, "Sasa hii likizo..." binti alidakia, "Mama, chaji inaisha, itakata sasa hivi." Ikakata. Kwenye daftari aliandika: sauti nzuri, picha hafifu, dakika tisa.

Jumamosi ya pili alitumia Kiherehere.

"Mama, unasaga nafaka humo ndani?"

"Si mimi, ni hii mashine, haijui kukaa kimya." Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilimpa moyo. "Utakuja likizo, mwanangu?"

"Tutaona, Mama. Ngoja, chaji inaisha."

Aliandika tena: dakika tisa. Aliitazama ile tisa ya pili chini ya tisa ya kwanza, akafunga daftari upesi, akaenda kupiga pasi nguo ambazo hazikuwa na haraka.

Jumamosi ya tatu ilikuwa zamu ya Mrembo. Safari hii aliondoa nguo kwenye kiti cha pili na kujifunga kitambaa kipya kichwani. Alikuwa ameapa kusema yale maneno.

Simu ilipopokelewa, alisogea karibu na skrini. Binti yake alikuwa pale mzima mzima: alama ya tetekuwanga kwenye paji la uso, nywele zilizosukwa upya, kikombe kilichomeguka mdomo alichoondoka nacho nyumbani. Kumbe alikuwa amekonda kidogo. Kumbe pazia alilomshonea alilitundika.

"Umependeza," alisema Mama Chaji.

"Hii ya leo nzuri, eti? Hata mimi nakuona vizuri."

Nyuma ya binti palikuwa na kabati lenye kioo. Na kwenye kioo hicho, kwa kuwa Mrembo haifichi kitu, Mama Chaji aliona simu ya binti imeegemezwa mezani, na waya mweupe ukitoka chini yake ukapita ukutani hadi kwenye soketi. Taa nyekundu ya soketi ilikuwa inawaka.

Aliendelea kuongea, hata yeye hakujua anasema nini. Alitazama saa kwenye pembe ya skrini. Dakika ya saba. Ya nane. Binti alianza kujiweka sawa kitini, akageuza macho pembeni, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo. Mama Chaji alimjua tangu tumboni. Hakutaka kumsikia akisema tena.

"Mwanangu," alimwahi, "huku chaji inaisha."

Betri ya Mrembo ilikuwa asilimia themanini na nane.

"Eh, pole Mama. Basi tutaongea siku nyingine," alisema binti haraka. Na kioo kile kizuri cha Mrembo kikamwonyesha mama kila kitu, mpaka mabega yalivyoshuka kwa nafuu.

Alikaa pale mpaka skrini ikajizima yenyewe. Kisha akalia, si sana, akanawa uso.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alisoma ukurasa wake amesimama. "Umechagua Mzito."

"Bawaba haivunjiki, betri inakaa siku nzima ya masomo. Hiyo buluu haitamaliza muhula mikononi mwa watoto wetu."

"Lakini umeandika picha yake hafifu."

"Ni hafifu. Nimeandika ukweli."

"Sawa. Leo jioni duka linakuja kuzichukua zote tatu."

Mama Chaji alichomoa ufunguo wa kabati mfukoni, akauzungusha kidoleni, akaurudisha.

"Mwalimu, naomba watuachie Mzito mpaka Jumatatu ijayo. Nataka kuirudia simu ya video."

"Si ulishaijaribu?"

"Nilijaribu," alisema. "Ila kwa ile, nikiambiwa chaji inaisha, naamini."