Kimea cha Shangazi Feza

Nilipokuwa mtoto, kabla mji wetu haujaitwa Kalemie, uani kwetu kulinuka pombe iliyoharibika. Vita vilikuwa vimesimamisha treni, na Papa, fundi wa reli, alikaa tu nyumbani. Mama akaamua kupika pombe ya kuuza, ila hakujua namna. Alizunguka kwa majirani akiuliza. Huyu alisema mahindi yaachwe yaote sana, yule alisema kidogo tu. Kila mtungi ulitoka mchungu, tukaumwaga.

Aliyejua vizuri alikuwa Shangazi Feza, dada yake Papa, aliyetukimbilia kutoka Nyunzu. Mtoto wake alikuwa amefia njiani. Bibi yangu, mzaa Mama, mtu wa Kirungu, hakutaka Shangazi akaribie mtungi.

"Muntu mwenye kilio asiguse kimea," alisema. "Pombe itaita mwengine afe."

Basi Shangazi akafundisha kwa mdomo tu, amesimama mlangoni: namna ya kukausha mahindi yaliyoota, namna ya kuyasaga yawe kimea. Lakini uji upoe kiasi gani ndipo kimea kiingie, hilo alishindwa kulieleza. Mikono yake ndiyo iliyojua. Siku Bibi alipokwenda sokoni, Mama alimwita.

"Wifi, kuya. Njo leo tu."

Shangazi akachovya kidole kwenye uji, akangoja, akatia kimea, akakoroga taratibu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Pombe ile ilitoka nzuri, uani kukajaa watu.

Wiki haikuisha, mdogo wangu Kabwe akashikwa na surua, akafa. Bibi akauliza nani aligusa mtungi. Shangazi alimtazama Mama. Mama akainamisha kichwa.

"Ni mimi," Shangazi alisema.

Kesho yake alifunga vitu vyake kwenye kikwembe, akaondoka kwa miguu akifuata reli. Papa alikwenda kumrudisha, akarudi peke yake. Hatukumwona tena, na Mama hakupika pombe tena.

Surua ile iliua watoto hata kwenye nyumba zisizokuwa na mtungi. Nalijua hilo tangu zamani, na wanangu nimewaambia. Lakini mwaka niliofiwa na mume wangu, jirani aliniomba nimsaidie kukoroga uji wa pombe, nikamwambia mikono inaniuma. Haikuwa inaniuma. Alikuwa na mtoto mgongoni.