Silvano na Manabii wa Theluji

Mume wangu Silvano ni mtu mwema, lakini kichwa chake kigumu, jamani! Ni mzee wa kanisa hapa Lackawanna, kusini mwa jiji la Buffalo huku Marekani, na redio ikitangaza hali ya hewa huisikiliza kama anamhoji mwizi.

Novemba ile ya 2014 wakasema theluji nyingi inakuja kwetu. Silvano akacheka. "Wiki jana si walisema itaanguka? Ilianguka? Torati imesema, nabii akinena na neno lisitokee, huyo usimwogope."

Na binti yetu Fides, tunayekaa naye, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Barabara zikifungwa, ningemzalisha kwa nini, kwa vijiko?

"Baba Fides," nikamwambia, "hawa si manabii. Hilo neno lao, forecast, mwalimu wa Kiingereza alitufundisha. Mtu anatazama dalili, anasema huenda. Haapi! Kule Mtabila, kambi ya wakimbizi tuliyokaa, wingu likitanda nilikuwa naanua maharage. Siku nyingine mvua haikunyesha. Uliniita nabii wa uongo?"

"Nilikula maharage."

"Haya! Dalili ya mvua ni mawingu!"

Nikamsihi tuondoke wote, akakataa katakata. Nikamwacha na ugali wake. Jirani akatupeleka kwa gari, mimi, Fides na mwanawe, hadi kwa dada yangu aitwaye Florida, anayekaa kaskazini mwa Buffalo, karibu na hospitali.

Kulipokucha, mama wee! Kwa Florida theluji haikufika hata kwenye kifundo cha mguu, lakini kule kwetu ilikuwa ukuta. Silvano akapiga simu: mlango haufunguki, dirishani haonekani mtu wala mti. Nilitaka kumcheka. Bahati yake, uchungu ukamshika Fides saa ile ile. Tukawahi hospitali, akapasuliwa. Mtoto wa kike, mzima, na sauti ya kwaya! Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaja mbio kuuliza nani kaumia.

Nikampigia babu mtu, nikaisogeza simu kwa mtoto anayelia. Halafu nikamsikia mzee wa kanisa naye analia.

Akapenga kamasi. "Mama Fides, hao watu wanasemaje kuhusu kesho?"

"Huenda ikapungua."

"Wamesema huenda?"

"Huenda."

"Basi huenda nikamwona," akasema, na nikasikia ameanza kuusukuma mlango.