Kicheko cha Elfu Kumi na Tano

Tajiri wa duka alikuwa mwenyeji wa Temeke, na tangu siku ya kwanza aliniita mtani kwa sababu wazee wangu walitoka kusini. Mtani hakasiriki. Ukitukanwa unacheka, na ukiweza unarudisha. Mimi sikuwa na ulimi wa kurudisha, kwa hiyo nilicheka tu.

Duka liliuza batiki na vinyago. Mpwa wake aliyekuwa Ulaya alilifungulia ukurasa kwenye intaneti, kitu ambacho mtaani kwetu wengi walikuwa hawajakisikia, kisha akachoka kuushughulikia. Mimi nilikuwa nimejifunza kompyuta kwenye kibanda cha kuchapa barua, kwa kufagia na kutazama. Nikawekwa chumba cha nyuma niwe naweka picha, nabadilisha bei na kuwajibu wateja kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Tajiri alisema hayo ni majaribio. Nikawa napewa nauli tu.

Wakati huo nililala kwenye korido ya dada yangu, Vingunguti. Mumewe akaniambia mwezi ukiisha asinikute. Nilipiga hesabu ya chumba, mafuta ya taa na chakula, nikaona chini ya elfu thelathini kwa mwezi siwezi. Nikaamua kutaja arobaini, ili akipunguza tufikie hiyo thelathini.

Nikamkuta tajiri kaunta na mkewe, wanakula chapati.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mtani. Mbona umesimama kama umeleta taarifa ya msiba?"

Nikasema nimekuja kwa ajili ya mshahara. Akauliza kiasi gani. Nikataja.

"Arobaini!" Akamgeukia mkewe. "Umemsikia? Kwao wanalipana korosho, huyu anataka arobaini!"

"Labda arobaini za korosho," mkewe akasema.

"Darasa la saba, baba. Barua moja unaandika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mteja kule Ulaya anazeeka! Kumi na tano. Kwa kuanzia. Na chapati humu utakula, si mtani wetu?"

Nilitaka kukataa. Lakini neno mtani lilikuwa limeshatajwa, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea. Nikacheka.

"Kacheka!" mkewe akapiga kofi mezani. "Kakubali huyo. Yamekwisha."

Tajiri akafuta mikono, akaanza kuongea habari za mzigo wa vitambaa. Yaani yalikuwa yamekwisha kweli. Kicheko changu kilikuwa sahihi yangu. Nikabaki nimesimama. Nikawachukia wote wawili, chuki ambayo sikujua kama ninayo.

"Mie si mtani wako," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Mara ya pili hata fundi cherehani wa barazani alisimamisha mashine. Utani haukataliwi. Anayeukataa ni kama amemtemea mtu mate.

"Unasemaje wewe?"

"Mie si mtani wako, mzee. Mie ni mtu wa kazi. Elfu thelathini, na sicheki tena."

Mkewe akasema, "Toba! Mtoto hana adabu huyu. Mfukuze."

Hakunifukuza. Wiki ile kulikuwa na oda ya vinyago kutoka nje na barua zake zilikuwa kwangu, nusu zimejibiwa. Akasogeza sahani ya chapati mbali nami.

"Haya. Mtu wa kazi atalipwa thelathini. Na mtu wa kazi akichelewa anakatwa. Akila chapati yangu analipa. Akiumwa asiniletee dada yake kulia hapa. Umeelewa, kijana?"

"Nimeelewa, bosi."

"Na uso wako huo upeleke nyuma," mkewe akasema. "Unafukuza wateja."

Nikaenda nyuma, nikawasha kompyuta. Nikaandika bei ya kinyago kimoja mara tatu ndipo ikakaa sawa.

Mwezi ulipoisha nilihamia chumba changu. Kazini hakuna aliyeniita mtani tena. Mchana walikula wakicheka, mlango ukiwa wazi makusudi. Siku moja akaja mchonga vinyago, mtu wa kusini kama mimi, akatukanana na tajiri mpaka wakashikana mikono kwa kicheko. Akachungulia kwangu, akauliza, "Na huyu ndugu yangu mbona kanuna?"

"Muache huyo," tajiri akamjibu kwa sauti ili nisikie. "Huyo ana mshahara."