Mshono wa Saba

Saa nne ya usiku ilimkuta Mama Mikoba ameketi dukani mwake nyuma ya cherehani, taa inawaka, mlango umerudishiwa bila komeo, na hakuna kazi yoyote mbele yake. Simu aliiweka mezani kando ya mkasi. Kila alipopiga, sauti ya mwanamke ilimjibu kwa adabu zote kwamba namba hiyo haipatikani.

"Utaitoboa hiyo simu kwa macho," alisema fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kusubiri naye akiwa amebeba kigoda chake mwenyewe. "Msituni hakuna mtandao, shemeji. Unajua."

"Walisema saa kumi na mbili watakuwa wamesharudi."

"Walisema! Hata mimi nikimwambia mteja Jumatatu, huwa nimesema tu."

Mama Mikoba hakucheka. Mwanawe wa pekee aliondoka alfajiri na chama cha matembezi kupanda kilima cha hifadhi, kile kinachoonekana ukisimama hapo hapo mlangoni. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mguu wa kulia ambao haukukua sawa na mwenzake, hivyo alitembelea magongo.

Walikuwa wamegombana wiki tatu juu ya safari hiyo.

"Ni chama cha watu wote, mama. Wameandika kabisa, watu wote."

"Watu wote wana miguu miwili," Mama Mikoba alijibu, na neno lilipomtoka akatamani alimeze.

Chiriku aliyatazama magongo yake. "Basi mimi nimewazidi. Ninayo minne."

Kumkatalia mtu wa namna hiyo ni kupigana na upepo. Lakini hofu ya mama haikuwa ya mguu peke yake. Yeye mwenyewe alizaliwa msituni humo, kabla haujawa hifadhi. Nyumba yao ilikuwa chini kidogo ya chemchemi ambayo bibi yake aliiita Kicheko, kwa sababu maji yalitoka mwambani kwa mikupuo, kama mtu anayejizuia kucheka mbele ya wakwe. Alikuwa na miaka tisa uzio ulipowekwa na familia zote zikahamishiwa mtaani. Miaka mitatu baadaye alipenya kwenda kuokota kuni. Askari alimkamata, akamtua mzigo getini mbele ya watu, akamwita mwizi. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena. Msituni alikuwa mwizi, mtaani alikuwa mtoto wa wale waliotolewa msituni, na katikati hapo ndipo alipokulia na kujifunza kushona.

Kisha wakaanza kuja watu wenye viatu vizito na mikoba mikubwa ya mgongoni, wanaolipa kiingilio ili watembee mahali alipokuwa akitumwa maji. Mikoba yao ilichanika, nani angeishona kama si yeye? Jina la Mama Mikoba likamganda. Kabla ya kushona alikuwa akiukung'uta kila mkoba juu ya gazeti. Zilidondoka mbegu, majani, vijiti. Alizitambua moja moja, hii ya mti wa karibu na jiko la mama, hii ya kule bondeni, akazitia kwenye kopo la vifungo. Usiku mwingine, Chiriku akishalala, alilifungua kopo akanusa. Wateja walipomuuliza kwa nini yeye pia haendi kutembea, alisema, "Mimi? Nimeacha nini huko?" Wakacheka, naye akainamia cherehani.

Ilipoamuliwa Chiriku aende, chama kilitengeneza kiti cha kubebea: miti miwili, kikalio cha turubai, mikanda minne. Njia ya tambarare angetembea mwenyewe. Kwenye ngazi za mawe wenzake wangembeba. Mikanda ililetwa kwa Mama Mikoba. Nani mwingine?

"Shemeji," alisema Mama Mikoba sasa, bila kuinua macho. "Unajua ule mkanda wa mbele nimeupitisha cherehani mara ngapi?"

"Mara mbili, kama kawaida."

"Mara saba."

Fundi viatu alikisogeza kigoda chake karibu. Alikuwa mtu wa sindano naye. Kwa miaka ishirini alimsikia Mama Mikoba akiwagombeza wanafunzi wake pale pale: sindano hutoboa kwanza, kushona ni baadaye. Ukirudia mstari mmoja mara nyingi, mkanda hauongezeki nguvu. Unajaa matundu, na penye matundu ndipo unapokatika.

"Nilikuwa kila nikimaliza naona bado," alisema Mama Mikoba. "Mkono ulijua. Roho ikakataa."

"Ungeufumua."

"Nimekumbuka leo saa mbili usiku, nilipokaa bila kazi."

Walikaa hivyo, wanasikiliza barabara.

Karibu na saa tano lilisimama gari mbele ya duka. Zilisikika sauti nyingi zikiagana, kisha mlio ambao Mama Mikoba aliujua kuliko sauti yake mwenyewe: gongo, gongo, hatua. Mlango ukasukumwa kutoka nje.

Chiriku alikuwa amechafuka tangu visigino hadi kiunoni. Shingoni alining'iniza kipande cha mkanda.

"Mama, umekatika kama karatasi ya risiti! Walikuwa ndio kwanza wananiinua, nikatua kwa makalio. Sijaumia, usianze. Wakasema turudi. Nikasema nyinyi rudini, mimi napanda. Nikazipanda ngazi kinyumenyume, nimekaa, ngazi moja moja. Wote wakanisubiri. Ndiyo maana tumechelewa."

Fundi viatu aliuchukua mkanda, akaugeuza kwenye taa, akauweka chini taratibu.

"Ni mimi, mwanangu," alisema Mama Mikoba. "Nilizidisha."

"Najua. Nilikuwa macho usiku ule, nilikusikia. Nikasema leo mama anashona tanga la meli."

Lakini Mama Mikoba alikuwa amekwisha kuinama. Alishika ncha ya gongo, akakwangua tope kwa ukucha, jeusi na laini, lenye chembe zinazometa, tope la pale chemchemini. Hakuuliza habari ya mguu.

"Maji bado yanatoka?"

"Yanatoka. Kwa mikupuo vilevile, kama ulivyosema. Ila wameweka kibao: Chemchemi Namba Nne."

"Namba nne," alirudia mama yake.

"Nikawaambia hapa panaitwa Kicheko. Wakauliza nani amesema. Nikasema mama yangu, amezaliwa hapo chini. Wakakigeukia kile kibao, mama, wote. Kisha kiongozi akaniuliza, mbona mama yako haji?"

Mlango ulikuwa bado wazi kama Chiriku alivyouacha, baridi ya kilimani inaingia na kupeperusha nyuzi chini ya cherehani. Fundi viatu alinyanyuka kwenda kuufunga.

"Uache," alisema Mama Mikoba, uso wake umeelekea kilimani.