Damu Kwenye Friji la Soda

Tu-tu-tu-tu, kisha kikohozi kimoja, kisha tena tu-tu-tu-tu. Mpaka leo nikifumba macho nalisikia jenereta la mnunuzi mmoja wa dhahabu, kule machimboni mbele ya Ushirombo. Siku ile ilikuwa sauti tamu kuliko kwaya yoyote, maana barafu yetu ilikuwa imeyeyuka.

Nieleze kwanza sisi ni nani. Garini tulikuwa wanne: daktari wa magonjwa ya akili, mama mpole anayevaa miwani ya kamba; fundi wa maabara, kijana asiyecheka; dereva, anayecheka kwa niaba ya fundi; na mimi. Cheti changu cha kidato cha nne sipendi kukionyesha, ila Kisukuma nakijua cha nyumbani, kwa hiyo nilichukuliwa nikaribishe watu, nitafsiri, na nioshe vyombo vya maabara yetu pale Kahama, upande wa Nyasubi. Maabara yenyewe inatafuta kwenye damu kitu kitakachoeleza kwa nini mtu mmoja anasikia sauti zisizokuwepo na ndugu yake aliyezaliwa naye hazisikii. Bado hawajakipata. Mimi nilishajiona siku kitakapopatikana, nimesimama nyuma kabisa kwenye picha, koti jeupe la kuazima, natabasamu.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kuchukua damu za wagonjwa na ndugu zao. Gari likazama kwenye tope. Tukasukuma mpaka jua likawa la utosi, na tulipofungua deli, lile sanduku la kubebea damu, tukakuta barafu imekuwa maji. Damu ikishapata joto, safari nzima imekwenda bure. Ndipo dereva akatega sikio.

"Penye jenereta pana friji," akasema.

Kweli palikuwa na friji, limejaa soda. Mnunuzi hakuwa na roho mbaya. Akasogeza chupa mwenyewe, tukaweka damu yetu humo, imefungwa vizuri ndani ya mfuko. Wachimbaji waliokuja kuuza dhahabu yao wakawa wanatutazama. Mnunuzi akawaambia, "Mnashangaa nini? Leo nanunua mpaka damu."

Wakacheka. Na sisi tukacheka, wajinga sisi.

Kumbe huo mzaha huku kwetu una miguu. Wapo wanaoamini kwamba duara, yaani shimo la dhahabu, haliachii mali mpaka linyweshwe damu ya mtu. Kabla hatujafika Kahama maneno yalishafika vijijini: wale watu wa maabara wamemuuzia mnunuzi damu ya vichaa.

Yakamwangukia mama mmoja. Binti yake, mmoja wa wagonjwa tuliowatoa damu siku ile, ni wa umri wangu. Alipougua mara ya kwanza walimpeleka kwa mganga, akakaa huko mguu umefungwa kwenye gogo, kovu analo. Alipoanza vidonge vya kliniki akapata usingizi, akarudi kusuka wenzake nywele, akawa anatania watu tena. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mdogo. Naye akamwambia yule mama, "Umeuza damu ya mtoto wa kaka yangu. Nisipoiona kwa macho yangu, hivyo vidonge basi. Anarudi kwa mganga."

Yule mama akanipigia simu analia. Nikamweleza daktari huku na mimi machozi yananitoka.

"Friza letu si banda la maonyesho ya Nane Nane," fundi akasema. "Tukianza kuonyesha watu hatutamaliza."

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Ni damu yao. Waje."

Wakaja asubuhi, mama na baba mdogo; binti alibaki nyumbani. Baba mdogo alikuwa mfugaji mrefu, mkononi ana tochi. Alikuja nayo ili amulike pembeni, tusije tukamficha kitu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hata hakuniangalia.

Dereva akajaribu bahati. "Mzee wangu, karibu soda."

"Ya friji lipi?"

Dereva akapotelea nje.

Fundi akavaa glavu nene, akafungua friza. Ule mvuke mweupe ukamwagika mpaka miguuni, baba mdogo akarudi nyuma, mama akanishika mkono akaubana. Majina hatuandiki kwenye vichupa, tunaandika namba, na kila mtu anapewa kadi yenye namba yake. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa ya binti yake. Fundi akainua kichupa kidogo. Baba mdogo akamulika kadi, akamulika kichupa, akarudia tena. Namba ni ile ile.

"Sasa damu gani hii ya njano?"

Njano, katika nchi ya dhahabu. Nikahisi binti wa watu anarudishwa kwenye gogo hivi hivi naona.

Fundi akarudisha kichupa, akafunga friza, akavua glavu, akakunja mkono wa shati. "Daktari, nitoe mimi."

Daktari akamtoa damu pale pale, nyekundu, mbele ya macho ya baba mdogo. Wakaiweka kwenye mashine, ikazunguka, sisi tumekaa kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ilipotoka, wekundu ulikuwa umelala chini, juu pamesimama maji ya njano.

"Tunatenganisha," fundi akasema. "Ile nyekundu ya binti yenu nayo ipo, kichupa cha jirani."

Baba mdogo akaizungusha kwenye mwanga. Akamtazama fundi juu mpaka chini.

"Kumbe na wewe una damu. Nilidhani ndani mna barafu tupu."

Fundi akacheka. Nakwambia alicheka, mpaka dereva akachungulia dirishani kuona nani huyo.

"Basi ikae," baba mdogo akasema, akazima tochi. "Mtoto aendelee na vidonge. Na mnadani nitasema mwenyewe nilichokiona." Kisha akamgeukia mama, sauti imeshuka. "Shemeji, kumbe nina njaa."

Mama alikaa chini sakafuni, akawa anacheka na kufuta macho kwa ile kanga. Tukawanunulia wali maharage. Baba mdogo akanywa soda mbili, na dereva ndiye aliyezifungua.

Mchana, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula, simu yangu ikaita. Ni mama wa binti, yuko ndani ya basi.

"Mwanangu, nimesahau. Binti aliniambia nikifika niisalimie damu yake. Nikaona aibu mbele ya daktari."

"Nitaisalimia mimi, mayu," nikamwambia, yaani mama.

Nikaenda kwenye chumba cha friza. Sikufungua, hairuhusiwi kufungua ovyo. Niliweka kiganja mlangoni, nikasema, "Mwadila," salamu yetu ya mchana kwa Kisukuma, kisha nikaiambia kwamba kwao hawajambo.