Miezi Tuliyonyimwa Salamu

Daktari wa Mwanza aliniuliza akiwa ameinamia faili: "Kwenu kuna mwingine wa namna hii?"

Alikuwa ameshaniambia ni usonji, kwamba nimezaliwa nao na hauna dawa. Miaka hamsini na kitu nimeitwa mwenye kiburi, nimeitwa zezeta, nimeitwa mengine nisiyoyarudia hapa, kumbe kitu chenyewe kina jina! Nilikasirika kuliko nilivyofurahi. Nikamwambia asubiri nifikirie.

Kwetu ni Bariadi vijijini, upande wa Kasoli, na kwetu salamu si mchezo. Asubuhi ni mwangaluka, jioni ni mwadila. Unapiga goti, unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, nawe unauliza vilevile, hata kama mliachana kisimani sasa hivi. Mimi ilinichosha mpaka mifupa. Nilikuwa nazunguka kwenye majaruba ya mpunga ili nisikutane na mtu. Mama alikuwa mjane, macho mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia. Alinifundisha majibu kama anayefundisha hesabu: ukisikia hili, jibu hili, halafu inama. Sikujiuliza kwa nini na yeye aliyajua kwa kukariri.

Mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao, jirani yetu alifiwa. Makaburini wenzangu wanalia, mimi nikasema kwa sauti kwamba kaburi limepinda, upande wa miguuni ni mwembamba. Na kweli lilikuwa limepinda. Lo! Kijiji kikakaa kikao, tukatengwa, mama na mimi. Hakuna kusalimiwa, hakuna kupewa moto, hakuna kusaidiwa kuvuna, mpaka tutoe dume la ng'ombe na kuomba radhi.

Nisikufiche, ile ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilipita njia kuu kichwa juu, hakuna aliyenisimamisha. Mama naye akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akichambua pamba juani. "Tupumzike, mwanangu," aliniambia. Dume tulikuwa nalo zizini, na hakuna kati yetu aliyelitaja.

Zamani kutengwa kungetumaliza. Pamba ilipokelewa na ushirika tu, na ushirika ulikuwa ni majirani haohao. Sasa lori la mgeni lilisimama barabarani likachukua pamba ya yeyote. Tukauza, tukaezeka bati. Watu walikuwa wanangoja tuje kwa magoti, badala yake wakaona bati linang'aa na mama anaimba. Ebo! Nani atengwe na watu halafu anenepe? Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kilichokuwa kikisemwa vilabuni: kwamba yule mama ni mchawi, ana misukule wanaomlimia usiku. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Asubuhi moja nikakuta ua wetu wa minyaa umekatwa, nyuma ya nyumba ya mama. Pengo la shibiri mbili; nililipima kwa mkono. Kesho yake shibiri nne. Keshokutwa sita. Mungu anisamehe, niliupenda ule mpangilio, ulivyoongezeka sawasawa, na utomvu mweupe ukidondoka pale panga lilipopita. Kwamba kuna mtu anajitengenezea njia ya kuingia, hilo halikunijia kichwani. Sikumwambia mama, na mama hakuwa na kazi ya kumpeleka kule nyuma.

Siku ya nne nilipanda lori kwenda Kasoli na mafurushi yaliyokwisha kuchambuliwa. Nikarudi kwa miguu, jua linateremka. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mzee mmoja wa kile kikao. Akasimama, na yeye mkubwa ndiye akanianza: "Mwadila, mayu," yaani mama, kwa heshima. Nikashtuka. Mbele kidogo mwanamke mwenye ndoo kichwani: "Mwadila. Mmeshindaje?" Na mwingine, na mwingine. Miezi mitano hakuna aliyenifungulia kinywa, leo njia nzima inanisalimia! Niliwajibu wote kama mama alivyonifundisha, kila mara nikapiga goti, sikukosea hata mara moja. Nikaongeza mwendo nikamwambie kwamba tumesamehewa bila hata kutoa dume.

Pengo lilikuwa limefika shibiri nane, kama nilivyotarajia. Mama alikuwa amelala kifudifudi juu ya pamba aliyokuwa akiichambua. Nilimwita mara tatu. Pamba yote ya upande wa kichwani ilikuwa imelowa damu, na panga walikuwa wameliacha hapohapo, lina utomvu wa minyaa.

Daktari alikuwa bado ananingoja, kalamu mkononi. Nikamwambia yupo mmoja, ni mama yangu.

"Basi safari ijayo njoo naye," akasema, akaandika.

Jibu la hilo mama hakunifundisha.