Shimo la Mwisho

Kila nikifungua kopo la nyanya, harufu yake inanirudisha nyuma ya nyumba yetu, Goma. Papa, mtunza bustani wa Mzungu mmoja huko Himbi, alituletea mpira wa golfu uliochakaa. Mimi na mdogo wangu wa kike tukajenga kiwanja chetu. Tulizika makopo matupu katika mchanga mweusi yawe mashimo, na la mwisho tukalizika bondeni, kati ya mawe ya volkano.

Asubuhi moja tulikuta kuku amekufa pale, bila jeraha.

“Musishuke kule kama upepo haijaanza,” Mama akasema. “Ni mazuku, hewa ya volkano. Haionekane, na inaua.”

“Inaua kuku,” mdogo wangu akacheka. “Mimi siko kuku, Mama!”

Kesho yake hakuna jani lililotikisika. Nilipiga mpira, ukabingirika hadi bondeni. Sheria yetu ilikuwa kwamba anayepiga ndiye anayeokota. Niliogopa.

“Enda wewe,” nikamwambia. “Hauko kuku.”

Alishuka akicheka, akapiga magoti, akainamia kopo. Nilisubiri ainuke.

Mama alipouliza, nilisema alishuka mwenyewe. Tumemzika Mama juzi, akiamini hivyo.